Laptopu ya Zamani Imenyamaza: Draiva, Adapta ya USB au Bisibisi?

Laptopu yenye miaka minane, kumi au zaidi ikipoteza sauti, ushauri huja kwa wingi. Mmoja atakuambia uweke upya draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa. Mwingine atasema futa Windows uanze moja. Wa tatu ataapa kwamba spika zimekufa, nunua ya Bluetooth uachane na hayo mengine. Wote wanaweza kuwa sahihi, na wote wanaweza kukumalizia siku nzima bure, kwa sababu kila dawa ina ugonjwa wake. Msimamo wangu ni huu: usichague njia ya kutengeneza kabla hujajua sauti inaishia wapi. Ukishajua hilo, kulinganisha njia kunakuwa kazi ndogo, na mara nyingi inayofaa ni rahisi kuliko ulivyoogopa.

Sauti inaishia wapi?

Intel ilitoa mfumo uitwao High Definition Audio mwaka 2004, na laptopu nyingi zilizofuata ziliutumia. Safari ya sauti ndani yake ni moja. Programu unayosikilizia hupeleka sauti kwa huduma ya sauti ya Windows, huduma huikabidhi kwa draiva, na draiva huzungumza na chipu ndogo iliyo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya laptopu, ambayo mara nyingi ni ya Realtek, Conexant au IDT. Chipu hugeuza namba kuwa umeme, umeme hupita kwenye amplifaya inayoukuza, kisha huelekea ama kwenye spika ama kwenye tundu la hedifoni. Popote pakikatika, unachosikia wewe ni kimya kile kile. Ndiyo maana kubahatisha kunashindwa.

Anza na mambo madogo, upesi tu. Bonyeza kitufe cha kunyamazisha uone kama alama inabadilika kwenye skrini. Kama laptopu ina gurudumu la sauti ubavuni, lizungushe, kwa sababu baadhi ya magurudumu hayo hayaonyeshi chochote kwenye skrini. Kisha shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, gonga ingiza. Amri hii hufungua orodha ya vifaa vya sauti iwe una Windows 7, 10 au 11, na haijali kompyuta imewekwa lugha gani. Tazama kifaa chenye alama ya vema ya kijani. Kama ni televisheni au skrini ya HDMI, sauti yako inapelekwa huko. Chagua spika na uzifanye chaguo la kawaida. Ukiwa hapo hapo, cheza wimbo na uangalie mistari midogo ya kijani kando ya jina la spika. Ikipanda na kushuka huku husikii kitu, ujue programu na huduma ya Windows zimemaliza kazi yao. Tatizo liko mbele zaidi, kwenye draiva au baada yake.

Sasa tafuta vitu viwili: hedifoni za waya unazojua ni nzima, na kifaa chochote cha sauti cha USB au Bluetooth, hata cha kuazima. Kwa hivyo viwili utajua karibu kila kitu.

Hedifoni zikisikika na spika za ndani zisisikike, chipu iko hai na kwa kiasi kikubwa draiva nayo inafanya kazi. Washukiwa ni tundu, waya wa spika, spika zenyewe, au amplifaya ambayo haijawashwa. Hedifoni na spika zikiwa kimya lakini cha USB kinasikika, huduma ya Windows ni nzima. Lililoharibika ni draiva ya ndani au chipu. Vyote vitatu vikinyamaza, achana kabisa na habari za spika. Shika tena Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta huduma mbili, Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder, uzisimamishe na kuzianzisha tena. Na kama orodha ya vifaa haina spika kabisa, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uone kama sauti ya ndani imezimwa, kwa sababu laptopu nyingi za ofisini zina swichi hiyo.

Kuna mtihani mwingine ambao watu wengi hawaufahamu. Laptopu nyingi za Dell hufungua vipimo vya ndani ukigonga F12 wakati wa kuwaka, na nyingi za HP hufanya hivyo kwa Esc kisha F2. Vipimo hivyo hujaribu spika bila Windows kuhusika hata kidogo. Mlio ukisikika pale, usiguse bisibisi.

Draiva ya nani?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kuna draiva za aina tatu unazoweza kuchagua: ile iliyotolewa na mtengenezaji wa laptopu, ile ya jumla inayokuja ndani ya Windows, na ile ya mtengenezaji wa chipu. Hazifanani, hata kama zote zinatoa sauti.

Kwanza ujue chipu yako ni ya nani. Kwa Windows na R tena, andika devmgmt.msc, fungua sehemu ya sauti, ingia kwenye sifa za kifaa, nenda kwenye kichupo cha maelezo na uchague vitambulisho vya kifaa. Utaona mstari kama HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269. Herufi zinazofuata VEN ndizo jina la ukoo: 10EC ni Realtek, 14F1 ni Conexant, 111D ni IDT, 11D4 ni Analog Devices, 1013 ni Cirrus Logic. Ukiona 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, na 1002 ni AMD. Hizo tatu kwa kawaida ni sauti ya HDMI, si ya spika. Mtu anaweza kushinda siku nzima akisasisha draiva ya HDMI huku spika zikisubiri, kwa kuwa tu majina ya vifaa hivyo yanafanana.

Draiva ya mtengenezaji wa laptopu imeandikwa kwa ajili ya bodi ile ile uliyonayo. Inajua tundu liko kwenye mguu gani wa chipu, spika ziko wapi, na jambo la muhimu kuliko yote, inajua jinsi ya kuwasha amplifaya. Laptopu nyingi zina amplifaya ya spika iliyo nje ya chipu ya sauti, nayo huwashwa kwa ishara maalumu. Draiva isiyojua ishara hiyo itatoa sauti safi kwenye hedifoni na kuacha spika zimelala. Hapo ndipo fundi asiye mwangalifu anapobadilisha spika nzima kwa nzima. Udhaifu wa draiva hii ni umri. Huenda ya mwisho ilitolewa wakati wa Windows 7, na kisakinishi chake kinakataa kuendelea kikiona Windows 10. Mara nyingi faili zenyewe bado zinafanya kazi ukizifungua kwenye folda na kuielekeza Windows huko kwa mkono badala ya kutegemea kisakinishi. Kitu kimoja hakina mjadala: draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64.

Draiva ya jumla ya Microsoft, ambayo jina lake kwenye orodha ni High Definition Audio Device, ina sifa kubwa moja: tayari imo ndani ya kompyuta yako, huhitaji intaneti wala kupakua. Haina mapambo, haina kidirisha cha kuuliza umechomeka nini, na kwenye laptopu fulani sauti yake ni nyembamba kidogo kwa sababu lile rekebisho la besi la mtengenezaji limeondoka. Lakini ni tulivu. Baada ya sasisho kubwa la Windows kugombana na draiva ya zamani, mara nyingi hii ndiyo inayorudisha sauti.

Ya mtengenezaji wa chipu naiweka mwisho. Mara nyingi ni mpya kuliko ya mtengenezaji wa laptopu, ila haijui bodi yako kwa undani, kwa hiyo unaweza kupata ubaya wa pande zote mbili. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja siziweki kwenye ulinganisho hata kidogo. Hubahatisha, huleta takataka nyingine, na zikikosea hujui zimebadilisha nini.

Hivi ndivyo ninavyochagua. Naanza na ya jumla kama kipimo: bofya kulia kwenye kifaa cha sauti, chagua kusasisha draiva, kisha kutafuta ndani ya kompyuta, kisha kuchagua mwenyewe kutoka kwenye orodha, uchukue High Definition Audio Device. Windows itakuonya kwamba huenda haifai. Kubali, kisha anzisha upya. Sauti ikirudi, umemaliza. Ikirudi kwenye hedifoni tu, rudi kwa ya mtengenezaji, kwa sababu hiyo ni dalili ya amplifaya. Kama sauti ilipotea siku ile ile Windows ilipojisasisha, jaribu kwanza kitufe cha kurudisha draiva ya awali, kilichopo kwenye kichupo cha draiva.

Kuna kosa dogo linaloharibu majaribio haya yote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta si kuzima kweli, kwa sababu sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili iwake haraka kesho yake. Basi ukibadilisha draiva, tumia kuanzisha upya, au shikilia Shift unapobofya kuzima. Na kama chipu yenyewe imeganda, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Jambo hili dogo limeokoa laptopu nyingi zilizokuwa zikielekea mezani kwa fundi.

Kusakinisha Windows upya, au kuwasha Linux kutoka kwenye flashi?

Kusakinisha Windows upya ndiyo njia inayosifiwa kupita kiasi. Inakuchukulia nusu siku, inafuta programu zako, na mwisho wake inakurudishia draiva ya jumla ile ile ambayo ungeiweka kwa dakika tano. Kama tatizo ni waya wa spika, utakuwa na Windows mpya iliyonyamaza.

Linux ya kwenye flashi, mfumo unaoweza kutumika badala ya Windows, inajibu swali moja ambalo Windows haiwezi kujijibu yenyewe: je, vifaa ni vizima? Unapakua Linux Mint au Ubuntu, unaiandika kwenye flashi, unawasha laptopu kutoka hapo na kuchagua kuijaribu bila kusakinisha. Diski yako haiguswi. Kwa laptopu za biti 32 chaguo limepungua: Linux Mint iliacha biti 32 kuanzia toleo la 20 la mwaka 2020, na Debian haitoi tena kisakinishi cha biti 32 tangu toleo la 13 la mwaka 2025. Matoleo ya nyuma kama LMDE 6, yaani Linux Mint iliyojengwa juu ya Debian, bado yanatosha kwa kipimo hiki.

Ukiwa ndani, fungua dirisha la amri na uandike alsamixer. Zitatokea safu zilizosimama, kila moja na jina lake: Master, Headphone, Speaker, PCM. Chini ya kila safu kuna kijisanduku. Kikiandikwa MM, njia hiyo imenyamazishwa. Isogelee kwa mishale na ugonge herufi M mpaka isomeke 00, kisha mshale wa juu kuongeza. Kama unaona safu ya Master peke yake, au safu moja au mbili tu zenye S/PDIF (njia ya sauti ya kidijitali), hujafungua kadi ya spika. Gonga F6 uchague nyingine. Kisha tafuta safu iitwayo Auto-Mute Mode, maana tutaihitaji baadaye. Baada ya hapo cheza sauti.

Ikisikika, vifaa vyako ni vizima na ugomvi ni wa Windows peke yake. Rudi kwenye draiva ukiwa na uhakika. Isiposikika kwenye hedifoni wala spika, uzito unahamia kwenye vifaa, ingawa si kwa asilimia mia. Zipo laptopu ndogo za bei nafuu za miaka ya 2013 na 2014, zenye prosesa za Atom za kizazi cha Bay Trail, ambazo sauti yake haipiti kwenye mfumo wa kawaida na Linux huzihangaikia. Kwa hizo, ukimya wa Linux usiuamini sana. Kwa laptopu nyingine nyingi, uamini.

Na kama umekuwa ukifikiria kusakinisha mfumo upya kwa vyovyote vile, zingatia kwamba msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ambazo laptopu nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazina. Sauti ikifanya kazi vizuri kwenye flashi, hiyo ni sababu nzito ya kuiacha Linux ibaki.

Tundu linalodanganya

Hali ya hedifoni kusikika na spika kunyamaza ndiyo inayopelekea watu kununua spika mapema mno. Fikiri hivi: laptopu ina spika mbili. Ni nadra mbili kufa kwa siku moja. Spika inayokufa kwa kawaida hukoroma kwanza, hupasua sauti kwenye besi, kisha upande mmoja unapotea. Zikizimika zote mbili ghafla, angalia kitu kinachozihusu zote, na tundu ndilo la kwanza.

Chukua tochi umulike ndani. Kwenye ukuta wa tundu kuna visahani vyembamba vya chuma vinavyosukumwa unapochomeka plagi. Kimojawapo ndicho kinachoiambia chipu kwamba kuna hedifoni. Kikipinda, kikishika kutu au kikikwama kwa vumbi, laptopu inaamini hedifoni ziko ndani milele. Wakati mwingine utakuta ncha ya plagi iliyokatika imebaki chini kabisa, nyeusi, huioni mpaka umulike kwa pembe. Kwenye MacBook nyingi za kabla ya mwaka 2016 kuna dalili ya wazi zaidi: tundu linatoa mwanga mwekundu, na mipangilio ya sauti inaonyesha njia ya kidijitali badala ya spika za ndani. Tundu hilo lilikuwa na njia ya mwanga pia, na swichi yake ndogo imekwama.

Hapa una njia tatu. Ya kusafisha ndiyo ya kwanza: zima, toa umeme wote, nyunyizia kidogo dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme au alkoholi ya isopropili, chomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa, acha ikauke kabisa. Haigharimu kitu cha maana na inafanikiwa mara nyingi. Ya pili ni kuidanganya programu. Kwenye laptopu nyingi za mfumo huu tundu halikati umeme wa spika, linatoa taarifa tu, na draiva ndiyo inayonyamazisha. Kwa Linux unaweka ile Auto-Mute Mode kuwa Disabled na spika zinarudi hata kama tundu linasema uongo. Kwa Windows inategemea kama kidirisha cha draiva ya mtengenezaji kina chaguo la kuzima utambuzi wa tundu. Wengine wanalo, wengi hawana. Ya tatu ni kubadili tundu lenyewe, na hapo kabla hujakubali chochote muulize fundi swali moja: tundu liko kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni chenye waya bapa, au limelehemiwa kwenye mazabodi? La kipande kidogo cha bodi ni kazi nyepesi, unabadilisha kipande chote kwa skrubu chache. La mazabodi linahitaji mkono uliozoea kulehemu vitu vidogo.

Kuzunguka tatizo: USB, Bluetooth au HDMI

Kama kifaa cha ndani kimeharibika kweli, huna lazima ya kukitengeneza. Unaweza kukipita pembeni, na kwa laptopu ya zamani nadhani hii ndiyo heshima kubwa unayoweza kuipa: inarudi kazini leo.

Adapta ya sauti ya USB ni kadi kamili ya sauti ndani ya kitu chenye ukubwa wa flashi. Ina chipu yake na tundu lake, kwa hiyo chipu ya laptopu, tundu na draiva ya zamani vyote vinaachwa nyuma. Adapta za kawaida hufuata utaratibu wa USB Audio Class toleo la kwanza, ambao Windows, Linux na macOS zote huutambua bila draiva. Hata mlango wa USB wa kizazi cha zamani unaitosha. Sauti haicheleweshwi kiasi cha kuonekana, na kama adapta ina maikrofoni, simu za video zinabaki safi.

Bluetooth inashinda kwa jambo moja, uhuru wa kutokuwa na waya, na inashindwa kwa mengine. Sauti huchelewa kwa sehemu ya sekunde. Programu nyingi za video hujirekebisha, ila kwenye michezo na kupiga kinanda utauona mwanya. Shida kubwa zaidi ni maikrofoni. Hedifoni ya Bluetooth kwenye laptopu za zamani hutumia hali moja kwa muziki na nyingine kwa mazungumzo, na pale programu ya mikutano inapoiwasha maikrofoni, sauti yote inashuka na kuwa ya simu ya mezani. Watu hudhani hedifoni imeharibika. Na kama laptopu yako haina Bluetooth ya ndani, itabidi ununue kipokezi cha kuchomeka kwenye USB, na ukishakula mlango wa USB sioni kwa nini usichukue adapta ya sauti moja kwa moja.

HDMI wengi huisahau. Sauti yake hutoka kwenye sehemu ya picha, si kwenye chipu ya sauti, kwa hiyo laptopu ambayo chipu yake imekufa bado inaweza kuimba kupitia televisheni au skrini yenye spika. Inafaa kwa laptopu iliyogeuzwa kuwa ya mezani. Kwa anayetembea nayo haina faida.

Kwa hiyo: anayesoma, kufundisha au kufanya mikutano kwa mtandao achukue USB. Anayesikiliza muziki tu akiwa anafanya kazi nyingine, na laptopu ina Bluetooth tayari, achukue spika ya Bluetooth. Wengine wote, USB.

Kuna mambo mawili ya kuangalia unaponunua. Spika nyingi zinazoitwa za USB zina waya wenye ncha mbili: ya USB na plagi ya milimita 3.5. Hizo huchukua umeme tu kwenye USB, sauti bado inatoka kwenye tundu, na kama tundu au chipu ndiyo mbovu hazitakusaidia chochote. Unayotaka ni yenye ncha moja tu, ya USB. La pili ni tundu la adapta. Hedifoni za simu zenye maikrofoni zina plagi ya pete tatu nyeusi, na adapta yenye matundu mawili tofauti, moja la kusikilizia na moja la maikrofoni, itakupa sauti bila maikrofoni. Chagua yenye tundu moja la pamoja kama hedifoni zako ni za namna hiyo. Na ukiweza tumia kiwaya kifupi kati ya adapta na laptopu, kwa sababu adapta iliyochomoza ikigongwa huharibu mlango wa USB, na laptopu ya zamani haina milango ya kupoteza.

Ukiamua kufungua

Kufungua kunafaa pale ambapo hedifoni zinasikika, tundu limesafishwa, draiva ya mtengenezaji imejaribiwa, na Linux nayo imekaa kimya kwenye spika. Kabla ya hapo ni mapema.

Ukishatoa kifuniko na kuchomoa betri, fuata waya wa spika mpaka kwenye kiunganishi chake. Mara nyingi ni kidogo, chenye nyaya nne, mbili kwa kila spika. Kikandamize kwanza, kwani laptopu iliyowahi kufunguliwa kwa ajili ya feni au diski huweza kuachwa na kiunganishi hicho kimelegea, au waya umebanwa na skrubu. Kikiwa sawa, kitoe na upime kwa multimita, kile kipimo cha umeme: spika za laptopu ni za omu 4 au 8, na multimita huonyesha chini kidogo ya hapo. Isipoonyesha kitu, koili imekatika au waya umekatika. Bila multimita, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika moja kwa kufumba na kufumbua. Spika nzima itatoa mkwaruzo mdogo, iliyokufa haitatoa kitu. Fanya hivyo spika ikiwa imechomolewa kwenye bodi.

Spika ikiwa imekufa, kubadilisha ni kazi ya kufaa, hasa ukipata jozi kutoka kwenye laptopu ya modeli ile ile iliyokufa kwa sababu nyingine. Hakikisha modeli inafanana kabisa, maana umbo la boksi la spika na urefu wa waya hutofautiana hata kwa laptopu mbili zinazofanana kwa nje.

Spika zikipima vizuri na bado kimya, imebaki amplifaya au chipu ya sauti yenyewe. Nyingi za chipu hizo zina miguu 48 iliyobanana chini ya kipande kidogo kuliko ukucha, zinahitaji mashine ya hewa moto na fundi wa bodi anayejiamini. Inawezekana. Kwa laptopu ya umri huu siipendekezi, kwa sababu joto lile lile linaweza kuiua laptopu ambayo kila kitu kingine ndani yake kinafanya kazi. Chukua adapta ya USB, kisha ingia kwenye BIOS uzime sauti ya ndani kama swichi ipo. Kama haipo, zima kifaa hicho kwenye devmgmt.msc. Usipofanya hivyo, kila Windows inapojisasisha inaweza kurudi kuichagua ile chipu iliyokufa, na utaanza kuitafuta sauti upya.